Mfamasia wa Mtaani na Sindano ya Kila Wiki

Kujichoma sindano ya Zepbound, dawa ya kupunguza uzito, ni kazi ya nusu dakika. Unavua kifuniko cha kijivu, unaweka kitako cha kalamu kwenye ngozi ya tumbo au paja, unazungusha kufuli, unabonyeza kitufe na kukishikilia. Unasikia mlio wa kwanza, unasubiri, unasikia wa pili, basi. Kisha zinakuja siku saba za kuishi na dawa hiyo mwilini, na katika siku hizo saba ndipo unapomtambua mfamasia anayeijua kazi yake.

Ninayemsema hapa ni mfamasia wa duka dogo la dawa nchini Marekani, duka la mtu binafsi ambalo si tawi la kampuni kubwa. Maduka ya namna hiyo ni karibu 19,000 nchini humo. Nayatolea mfano ya Louisville, katika jimbo la Kentucky, kwa sababu mji huo umepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika shuleni, makanisani na kwenye kaunta za dawa. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kuuona ufundi huu ukifanywa kwa lugha yake, huko atauona.

Dawa zenyewe zinajulikana sasa dunia nzima. Semaglutide ya kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark iliidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa jina la Ozempic, kwa wagonjwa wa kisukari, na Juni 2021 ikaidhinishwa kwa jina la Wegovy kwa ajili ya kupunguza uzito. Tirzepatide ya Eli Lilly, kampuni ya Indianapolis, ilikuja kwa jina la Mounjaro mwaka 2022, kisha Zepbound Novemba 2023. Zote zinaiga homoni ambazo utumbo huzitoa baada ya mlo: zinachelewesha chakula kutoka tumboni na kuuambia ubongo kwamba shibe imefika. Katika utafiti mkubwa wa Wegovy, watu walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao katika wiki 68. Kwa dozi ya juu ya tirzepatide wastani huo ulifika asilimia 20.9 katika wiki 72. Mwaka 2023, utafiti mwingine wa watu 17,604 wenye ugonjwa wa moyo na unene, lakini wasio na kisukari, ulionyesha kwamba semaglutide ilipunguza kwa asilimia 20 matukio ya kifo cha moyo, shambulio la moyo na kiharusi. Kwa hiyo tusizizungumzie kama vipodozi. Ni dawa nzito, na zinastahili mtu makini kuzisimamia.

Sasa hesabu. Bei ya orodha ya Wegovy kwa mwezi ilitangazwa kuwa dola 1,349. Mwenye duka huinunua kwa mfanyabiashara wa jumla na kulipa haraka, kisha husubiri kurudishiwa fedha na madalali wanaosimamia mafao ya dawa kwa niaba ya bima. Ripoti ya Tume ya Biashara ya Marekani ya Julai 2024 ilisema madalali watatu wakubwa, yaani CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, ndio wanaopitisha karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa na madaktari nchini humo. Dalali ndiye anayeamua duka litalipwa kiasi gani, na kwa dawa hizi mara nyingi analipa chini ya bei ya kununulia. Duka likikabidhi boksi moja, limekula hasara. Likikabidhi maboksi mengi, hasara inakuwa kubwa zaidi. Na kabla hata ya kuuza, mtaji umeshafungwa: maboksi 20 ya Wegovy kwenye friji ya nyuma, kwa bei hiyo ya orodha, ni karibu dola 27,000. Wenye maduka wengine wameacha kabisa kuziweka. Tena tangu 2024 Eli Lilly, na tangu 2025 Novo Nordisk, wameanza kuwauzia wagonjwa moja kwa moja, mzigo ukifika mlangoni kwa posta.

Mfanyabiashara wa kawaida angeifuta bidhaa hii na kuendelea na mengine. Ninawavulia kofia wale waliokataa kufanya hivyo, wakaona kwamba kilichokuwa kikipotea katika biashara hii ni uangalizi, na uangalizi ndio wao waliosomea.

Mtazame mfamasia wa aina hiyo siku mgonjwa anapoanza dawa. Haendi kwenye friji kwanza. Anamketisha mgonjwa kwenye chumba kidogo cha pembeni, chenye viti viwili na mlango unaofungwa, kisha anauliza. Kuna mtu katika familia aliyewahi kuugua saratani ya tezi ya shingo, ile inayoitwa ya medula? Umewahi kulazwa kwa maumivu ya kongosho? Una vijiwe vya nyongo? Unatumia insulini, au dawa za kisukari za kundi la glibenclamide, ambazo zikichanganywa na hii zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi? Kwa mwanamke anayeanza tirzepatide na anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuna swali lake peke yake, kwa kuwa dawa hii inapunguza nguvu ya vidonge hivyo: anapaswa kuongeza kinga nyingine, kondomu kwa mfano, kwa wiki nne baada ya kuanza na wiki nne baada ya kila dozi kupandishwa. Na anayepanga kushika mimba aelezwe kwamba Wegovy inaachwa angalau miezi miwili kabla. Fundi cherehani mzuri hagusi mkasi kabla ya kupima mabega, na huyu hagusi friji kabla ya kuyajua haya.

Baada ya maswali yanakuja mafunzo ya mkono. Duka linakuwa na kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Mgonjwa anajaribu mwenyewe mbele ya mfamasia, na makosa yanaonekana hapo hapo. La kawaida kuliko yote ni kuinyanyua kalamu mapema. Mtu anasikia mlio, anadhani imekwisha, anaivuta, na dawa ya mamia ya dola inatiririka kwenye ngozi. Kwa Wegovy mfamasia anamwonyesha dirisha dogo ubavuni: mstari wa njano unasogea, na mpaka usimame, kalamu isibanduke. Kwa mzee ambaye mikono inatetemeka anapendekeza paja badala ya tumbo, na achome akiwa ameketi ili mkono upate pa kuegemea. Anamwambia abadilishe mahali kila wiki, na kalamu iliyotumika isitupwe kwenye takataka za jikoni, bali kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Sehemu hii ya ufundi imewahi kuwa ya kufa na kupona. Dawa hizi zilipoadimika kuanzia 2022, maduka yenye maabara yaliruhusiwa kutengeneza nakala za semaglutide katika vichupa, na mgonjwa akawa anavuta dawa mwenyewe kwa bomba la sindano. Julai 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo: watu walikuwa wakijichoma dozi mara 5 hadi 20 ya waliyoandikiwa, wengine wakaishia hospitalini. Chanzo kilikuwa vipimo. Daktari ameandika miligramu, bomba lina alama za yuniti, chupa ina maelezo ya mililita, na mgonjwa hajawahi kushika bomba la sindano maishani mwake. Uhaba wa semaglutide ulitangazwa kwisha Februari 2025 na ruhusa hiyo ikafungwa. Katika miaka hiyo, mfamasia aliyechukua kalamu ya wino na kuchora mstari kwenye bomba, akasema "usivuke hapa," alifanya jambo kubwa kuliko linavyoonekana.

Lakini moyo wa kazi, kwa maoni yangu, ni simu ya siku ya tatu au ya nne. Duka hodari halingoji mgonjwa alalamike. Linampigia, au linamwita apite. Kwenye duka moja la Louisville mfamasia ni mama wa Kimarekani asiyejua Kiswahili, na msaidizi wake ni kijana wa Goma anayemtafsiria. Mgonjwa ni mama wa makamo kutoka Bukavu, wiki yake ya pili kwenye dawa.

"Mama, tangu sindano ya Jumapili unakula vizuri?"

"Mwanangu, chakula kinanikataa. Fufu matonge mawili tu, tumbo limejaa mpaka kooni."

"Na maji?"

"Maji nasahau."

"Choo je, mama?"

Mama anatazama kwanza kama kuna mtu nyuma yake. "Leo siku ya nne sijaenda."

Anayesikiliza juujuu angesema ni maudhi ya kawaida ya dawa, yatapita. Mfamasia anasikia mambo matatu yanayoshikana. Mama ameanza sahani kwa fufu, na kwa kuwa nafasi tumboni imekuwa ndogo, samaki na maharage hayapati pa kuingia, protini inakosekana. Hanywi maji kwa sababu kiu nayo imefifia pamoja na njaa. Na bila maji, choo kinakauka. Maelekezo anayopewa ni mafupi, na yanaanza na chakula anachokijua: samaki na maharage kwanza, mboga zifuate, fufu ije mwisho kama bado kuna nafasi, aache kula kabla shibe haijamlemea, chupa ya maji ikae mkononi, inywewe kidogo kidogo mchana kutwa. Kutoka kwenye rafu mfamasia anachukua kitu kimoja tu, unga wa kulainisha choo unaokorogwa kwenye maji. Pipi za tangawizi za kichefuchefu zipo pale pale, zina faida nzuri kwa duka, naye hazigusi, kwa kuwa mama hakulalamika kichefuchefu. Kabla hajaondoka anaelezwa dalili za kwenda nazo hospitali siku hiyo hiyo: maumivu makali ya tumbo yanayotokea mgongoni yasiyotulia, kutapika kusikomwachia hata maji, mkojo kuwa haba na mweusi.

Kuna hukumu nyingine inayofanyika hapo ambayo mgonjwa haioni. Wegovy huanza na miligramu 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, 1, 1.7, hadi 2.4. Ratiba iliyochapishwa inasema mgonjwa apande kila baada ya wiki nne. Mwili wa mtu hausomi ratiba. Mfamasia anayemjua mgonjwa wake anampigia daktari na kumshauri abaki kwenye dozi ya chini mwezi mmoja zaidi, na mara nyingi ushauri huo ndio unaomzuia mgonjwa asiache dawa kabisa. Hapo hapo anaangalia vidonge vingine alivyonavyo. Uzito ukishuka, presha nayo hushuka, na dawa za presha zilizomfaa mtu akiwa na kilo 110 zinaweza kumwangusha kwa kizunguzungu akiwa na kilo 92. Kuligundua hilo mapema, kabla mtu hajaanguka bafuni, ni kazi ya anayeiona orodha nzima ya dawa, na mara nyingi anayeiona yote ni mfamasia.

Nije kwenye misuli, kwa sababu ndipo mahali ambapo ufundi na mapato vinakutana. Mtu anayepungua haraka hapotezi mafuta peke yake. Sehemu isiyo ndogo ya kilo zinazokwenda ni nyama ya mwili, na kwa mzee hiyo ni hatari. Mizani ya bafuni haitofautishi. Maduka kadhaa yamenunua mizani inayopitisha umeme hafifu mwilini na kukadiria mafuta, misuli na maji kila kimoja kwa namba yake. Mgonjwa anasimama bila viatu, anashika vishikio, anapata karatasi. Mfamasia anaiweka karatasi hiyo kando ya ile ya mwezi uliopita. Namba ya misuli ikishuka kupita kiasi, mazungumzo yanageukia mayai, dagaa, karanga, na zoezi la kusimama na kuketi kwenye kiti bila kutumia mikono, asubuhi na jioni.

Huduma hii inalipiwa. Mgonjwa hulipa ada ya mwezi ya kupimwa, kuzungumza na mfamasia na kupigiwa simu, na ada hiyo haipiti kwa dalali yeyote. Ndiyo siri yote ya faida, na si siri ya ajabu: boksi linaleta hasara, saa ya mtaalamu inaleta pato. Maduka mengine yameingia kwenye mpango wa taifa wa kuzuia kisukari, unaotambuliwa na kituo cha serikali cha kudhibiti magonjwa, wenye vikao visivyopungua 16 katika miezi sita ya kwanza. Tangu 2018 bima ya wazee ya Medicare huulipia. Mengine huwa na mkataba na daktari unaomruhusu mfamasia kurekebisha dozi ndani ya mipaka waliyokubaliana. Na kwenye rafu kuna bidhaa ambazo mgonjwa huyu anazihitaji kweli, kama unga wa protini, nyuzinyuzi, chumvichumvi za kuchanganya na maji, chombo cha kutupia sindano. Nasema anazihitaji kweli. Mfamasia anayempakia mgonjwa makopo ya vitamini asizozihitaji ameacha taaluma na kuwa mchuuzi, na watu wa mtaani hawachelewi kulijua hilo.

Upande wa friji nao una maarifa yake. Duka lenye akili haliagizi boksi mpaka limempigia mgonjwa na kuhakikisha bado anaendelea, dozi ni ile ile, na kibali cha bima hakijaisha. Hivyo mtaji haulali. Kibali hicho chenyewe ni kazi ya subira. Bima nyingi, wakati wa kukihuisha, hudai ushahidi kwamba mgonjwa amepungua angalau asilimia 5 ya uzito aliouanza nao, na mgonjwa ambaye uzito wake wa kwanza haukuandikwa popote hana cha kuonyesha. Duka lililompima siku ya kwanza lina karatasi.

Hilo lina uzito kwa sababu kukatizwa dawa kuna gharama. Watu waliofuatiliwa baada ya utafiti ule wa Wegovy walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza, mwaka mmoja tu baada ya kuacha. Barua ya bima inapofika kusema haitalipa tena, mfamasia mzuri anakuwa ameshaandaa njia: rufaa, dawa mbadala, au mpango wa kula na kuendelea kupimwa ili kilo zisirudi kwa fujo. Sijaona mashine wala kampuni ya posta inayofanya hivyo kwa moyo.

Marekani ina sheria ya mwaka 1990 iliyotaka mgonjwa wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, apewe nafasi ya kupata nasaha anapochukua dawa, na majimbo mengi yaliieneza kwa wagonjwa wote. Haikuweka malipo kwa nasaha hiyo. Hadi leo sehemu ya Medicare inayowalipa madaktari haimtambui mfamasia kama mtoa huduma anayeweza kudai malipo yake mwenyewe. Kwa hiyo kazi yote niliyoieleza hapa, maswali kabla ya friji, mkono wa mzee ukielekezwa pajani, simu ya siku ya nne, imesimama juu ya ada ndogo ya mgonjwa na ukaidi wa mwenye duka. Hilo ni kosa la sera, na linapaswa kurekebishwa.

Wasomaji wetu walio Marekani wana la kufanya wakati sera inasubiriwa. Kama unatumia dawa hizi, au mama yako anazitumia, tafuta duka linalomketisha mgonjwa kabla ya kumpa boksi. Waeleze chakula chenu kwa jina, fufu, ugali, wali wa nazi, na kama mnafunga Ramadhani waambie mapema, maana mchana mrefu bila maji juu ya dawa hii unahitaji mpango. Kama mnasafiri kwenda nyumbani, waulize habari ya joto: Zepbound hukaa nje ya friji siku 21 tu na Wegovy siku 28, zisizidi nyuzi 30, na wala zisigande, kwa hiyo zipande nawe ndani ya ndege kwenye mkoba wa mkononi. Usimpelekee dada au shemeji kalamu ya ziada kwenye sanduku. Huko aliko hatakuwa na mtu wa kumuuliza maswali yale ya kwanza. Na duka likikutajia ada ya kupimwa na kupigiwa simu, lipa. Hiyo ndiyo fedha pekee katika biashara yote hii inayomfikia moja kwa moja mtu anayekuangalia.